Kaseti Tuliyoifuta: Miaka Mitano ya Kuokoa Muziki wa Gemu za Zamani

Mwaka 1996, nikiwa na umri wa miaka 11, mimi na kaka yangu tuliifuta kaseti ya baba. Ilikuwa TDK ya dakika 90, imeandikwa kwa wino wa bluu "Harusi, Chumbageni", na baba alikuwa amekwisha kuvunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti ili mtu yeyote asirekodi juu yake. Sisi tulitafuna karatasi ya daftari, tukaviziba vitundu, tukaiweka redio kaseti juu ya stuli mbele ya televisheni, kisha tukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Tulichotaka ni kuupata muziki wa gemu ili tuusikilize hata umeme ukikatika, na mjini Tanga wakati ule umeme ulikatika sana. Baba alipogundua hakutuchapa. Alikaa kimya siku mbili, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kaseti ile ile, miaka zaidi ya ishirini baadaye, ndiyo iliyonifundisha karibu kila kitu ninachokijua kuhusu kuhifadhi muziki wa gemu za zamani. Nimetumia miaka mitano na karibu shilingi laki tisa katika kazi hii, na sehemu kubwa ya muda na fedha hizo iliishia katika makosa ambayo mwenzangu anayeanza leo anaweza kuyaepuka kabisa.

Mashine ya gemu tuliyokuwa nayo haikuwa Famicom halisi, ile iliyotolewa na Nintendo nchini Japani mwezi Julai 1983, bali mwigo wake. Katika mtaa wetu wa Ngamiani sikuwahi kuiona halisi hata moja; zote zilikuwa za kuigiza, zenye majina ya kubuni na kanda za gemu, yaani vile visanduku vya plastiki vinavyochomekwa kwenye mashine, zilizodai kubeba michezo mamia, ilhali ukihesabu vizuri unakuta ni michezo saba au minane inayojirudia kwa majina tofauti. Baada ya baba kufariki mwaka 2018, tulifungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda chake tukakuta kaseti 43 na kanda za gemu 11, zote zimefungwa kwenye mfuko wa sukari. Mashine yenyewe haikuwamo. Nilikumbuka mara moja iko wapi: mwaka 2011 mdogo wangu alinipigia simu kuuliza afanye nini na ule uchafu wa gemu, nami, nikiwa Dar es Salaam na mambo mengine kichwani, nikamwambia ampe kijana wa chuma chakavu.

Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, ingawa sikulitambua mpaka baadaye sana. Wakati ule nilifikiri muziki umo ndani ya kanda za gemu, na kanda ninazo, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Ili kueleza nilivyokosea, lazima niseme kidogo namna muziki huo unavyofanya kazi. Kanda ya gemu ya aina hii haina wimbo uliorekodiwa kama ilivyo kaseti. Ina maagizo yanayosema noti gani ipigwe, kwa nguvu gani, kwa muda gani. Chipu iliyo ndani ya mashine, ambayo kwenye Famicom inajulikana kama 2A03, ndiyo inayoyageuza maagizo hayo kuwa sauti papo hapo, kwa njia tano: mawimbi mawili ya mraba yanayobeba wimbo, wimbi moja la pembetatu linalotumika zaidi kwa besi, njia moja ya mchakacho inayoshika nafasi ya ngoma, na njia ya tano ya kupigia vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Ndiyo maana gemu nzima ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, pamoja na picha, ramani na muziki wote alioutunga Koji Kondo, iliweza kuingia katika kilobaiti 40, ambazo leo hazitoshi hata kwa picha moja ya simu. Kwa maana hiyo mashine ndiyo bendi. Nilikuwa nimetunza noti, nikawatupa wapigaji.

Kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kusafisha kanda za gemu, na hapo hapo nikaharibu moja. Hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na shaba. Meno ya bodi, yaani vile vipande vya shaba vinavyogusana na mashine, yalikuwa yameota kutu ya kijani, na bila shaka pumzi zetu za utotoni zilichangia, maana gemu ikigoma tulikuwa tunaipuliza kwa mdomo, tukidhani tunatoa vumbi kumbe tunapeleka unyevu. Nilichukua raba ya shule nikasugua kwa bidii mpaka meno yakang'aa. Yaling'aa kwa sababu nilikuwa nimekwangua utando mwembamba unaoikinga shaba, na baada ya wiki chache za masika kutu ilirudi nyingi kuliko mwanzo. Sasa ninatumia kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, taratibu, upande mmoja kuelekea nje, nikibadilisha pamba mara tu inapochafuka. Watu wengi hukimbilia spiriti ya kusafishia vidonda kutoka duka la dawa kwa kuwa ni rahisi kuipata. Baadhi yake imechanganywa na mafuta ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo hubaki juu ya kila unachokipangusa. Nililijua hilo baada ya kuisafishia hedi ya deki ya kaseti, kile kichwa kinachosoma utepe, na kusikia sauti yote ikigeuka nzito kama ya mtu mwenye mafua.

Kusoma kanda zenyewe kuliniletea shida ya aina nyingine. Niliagiza kutoka nje kifaa kidogo cha kunakili kanda kwenda kwenye kompyuta. Kilinigharimu shilingi 180,000, na kwa ushuru na usafiri ikawa kama 250,000. Kanda za michezo mingi hazisomeki kirahisi, kwa kuwa mashine huona sehemu ndogo tu ya kumbukumbu kwa wakati mmoja na kila mtengenezaji alibuni njia yake ya kuhama kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ukikiambia kifaa njia isiyo ya kanda hiyo, kitakupa faili lenye ukubwa unaostahili na ndani yake ni takataka tupu, bila kukuonya. Ukifungua ganda la plastiki upate msaada kwa kusoma namba ya chipu, unakuta hakuna chipu ya kusoma, bali tone jeusi gumu, kama lami iliyodondoka, lililofunika kila kitu. Kanda nne kati ya zile 11 zilinisumbua hivyo kwa miezi. Utaratibu ulioniokoa ni wa kuchosha lakini hauna mbadala: soma kanda mara mbili au tatu, ukiichomoa na kuirudisha kila mara, kisha linganisha namba za uhakiki za mafaili, ambazo kompyuta huzikokotoa kutokana na yaliyomo ndani yake. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, rudi kwenye kusafisha. Zikilingana, jaribu gemu kwenye programu ya kuigiza mashine, uicheze hadi mbali, si skrini ya kwanza tu.

Nilipofika hapo nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Muziki wa gemu hizo unaweza kutolewa peke yake na kuwekwa katika faili dogo la aina ya NSF, ambalo hubeba maagizo ya muziki bila mchezo wenyewe, na nyingi zilikwisha kutolewa na wapenzi wa mambo haya duniani kote. Nikamwita kaka yangu, nikambonyezea ule wimbo tuliokuwa tukiuimba njiani kwenda madrasa. Akasikiliza kama nusu dakika, akasema, "Siyo huu." Nikamwambia ndio huu huu, noti kwa noti. "Noti ndizo," akasema, "lakini siyo huu. Wetu ulikuwa na pua."

Nilidhani ni uzee wa kumbukumbu. Kisha nikakumbuka ile kaseti.

Sikuwa nimeigusa kwa sababu, kusema kweli, niliionea aibu. Lakini kabla ya kusimulia nilichokikuta, nieleze jinsi nilivyozitendea kaseti nyingine, kwa kuwa huko ndiko nilikofanya makosa yanayoumiza zaidi. Kaseti sita za mwanzo nilizipeleka kwenye duka moja mjini linalohamisha kaseti kwenda kwenye flashi, kwa shilingi 10,000 kila moja. Walinirudishia mafaili ya MP3 yaliyobanwa mno, kila upande umekatwa pale kimya kilipozidi sekunde kadhaa, na kaseti moja haikuwa yangu. Sikuwahi kuipata ya kwangu. Tangu siku hiyo sijampa mtu kaseti ya pekee aondoke nayo nisipoiona, hata awe nani.

Nikanunua deki iliyotumika, shilingi 120,000, Kariakoo, na pupa yangu ikanifanya niijaribu kwa kaseti ya thamani badala ya kaseti ya bure. Mkanda wa mpira ndani yake ulikuwa umelegea, deki ikasokota na kuila kaseti ya kisomo cha maulidi mpaka utepe ukakatika. Niliunganisha kwa gundi ya karatasi ya kawaida, jambo ambalo ni kosa jingine, kwani gundi hiyo huyeyuka polepole katika joto letu na kushikamana na tabaka la jirani. Kuna utepe maalumu wa kuungia, na ndio wa kutumia. Fundi redio mmoja mzee aliniwekea mikanda mipya ya mpira kwa shilingi 25,000 na kunionyesha jambo ambalo sikulisoma popote: kwamba pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo, na kila kaseti, kwa kuwa ilirekodiwa kwenye mashine yake, inataka skrubu hiyo iwe mahali pake. Unasikiliza kwa makini, unageuza bisibisi kidogo kidogo, mpaka sauti za juu, yale matamshi ya "s" na msago wa fidla, zifunguke ghafla. Nilipokwisha kulijua hilo, nilirudia kaseti 14 nilizodhani nimezimaliza.

Kosa lililoniliza ni lile la kusafisha sauti. Katika kompyuta kuna programu inayojifunza mvumo wa kaseti na kuuondoa. Nilipoona jinsi mvumo unavyotoweka, nikazipitisha kaseti tisa, nikahifadhi zilizosafishwa, nikafuta zile ghafi ili kubana nafasi. Kwa sauti za watu hasara ilikuwa ndogo, ingawa pumzi zao zilipotea. Ila kwa muziki wa gemu, programu ilifanya jambo la ajabu: iliondoa ngoma. Ngoma za mashine hizi, kama nilivyosema, ni mchakacho tu, na programu haikuwa na namna ya kujua mchakacho upi ni uchafu na upi ni muziki. Kwa hiyo sasa nahifadhi kwanza nakala ghafi isiyoguswa, faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, la biti 24 na kilohezi 96, ambalo kwa kaseti ya dakika 90 hula kama gigabaiti 3. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, hakishauri kushuka chini ya biti 24 na kilohezi 48. Ukitaka kubana, faili la aina ya FLAC hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote. MP3 ni ya kumtumia shangazi kwenye simu. Usafi wowote ufanyike juu ya nakala ya nakala.

Basi nikaitoa ile TDK. Karatasi tuliyoitafuna ilikuwa bado imo, imekauka kama jiwe dogo la kijivu. Niliichokoa kwa kibanio, vitundu vikabaki wazi, na kwa mara ya pili katika maisha yake kaseti hiyo ikawa haiwezi kurekodiwa juu yake. Niliizungusha mbele na nyuma mara moja kwa mkono kwa kutumia kalamu, nikageuza skrubu, nikasikiliza.

Kaka alikuwa sahihi. Wimbo ulikuwa na pua. Mawimbi ya mraba yana upana tofauti. Lenye upana wa nusu ya mzunguko wake hutoa sauti yenye uwazi kama ya zumari, na lenye upana wa robo hutoa sauti nyembamba, ya puani. Katika chipu nyingi za kuigiza, upana huo wa robo na wa nusu ulibadilishana nafasi, kwa hiyo kila mahali mtunzi alipotaka uwazi mashine yetu ilitoa pua, na kinyume chake. Tena wimbo ulikuwa unakwenda taratibu: kipande kinachozunguka kwa sekunde 60 katika faili la NSF kilichukua sekunde 72 kwenye kaseti. Nilishuku deki, lakini deki ikienda polepole sauti nayo hushuka, na kwa tofauti ya namna hiyo ingeshuka noti zaidi ya moja, ilhali noti zilikuwa karibu pale pale. Maelezo ni kwamba gemu za Japani zilitungwa kwa televisheni inayochora picha mara 60 kwa sekunde, na muziki ulipiga hatua moja kila picha inapochorwa. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni za mfumo wa PAL, kama za kwetu, zilichora mara 50. Sitini gawanya kwa hamsini, mara sekunde 60, ni 72 kamili.

Nilikaa na hesabu hiyo usiku mzima. Muziki uliokuwa utoto wangu haukuwa ule aliouandika mtunzi wa Japani. Ulikuwa toleo la polepole na la puani, lililozaliwa kwa bahati mbaya ndani ya chipu ya kuigiza, na ulikuwa unasikika hivyo katika nyumba nyingi ambazo hakuna aliyewahi kudhani kuwa zina kitu cha kuhifadhiwa. Mwaka 2023 maktaba ya bunge la Marekani iliuingiza wimbo wa Super Mario Bros. katika orodha yake ya sauti za kuhifadhiwa, muziki wa kwanza wa gemu kupata nafasi hiyo, na nilifurahi. Mwaka huo huo Video Game History Foundation, shirika la Marekani la kuhifadhi historia ya gemu, ilitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena madukani. Hizo ni gemu halali, zenye wenyewe. Miigo yetu haihesabiwi popote, na kwa upande wa sheria sina hoja ya kuitetea, kwani kanda zile zilikuwa za wizi tangu zilipotoka kiwandani. Ndiyo maana nakala zangu siziuzi wala sizigawi ovyo. Ninachompa anayeomba ni vipimo, picha za bodi, na rekodi ya dakika chache ili asikie tofauti.

Kuhusu kuhifadhi mafaili yenyewe, nina la kusema moja lenye uchungu. Flashi ya gigabaiti 64 niliyoinunua kwa mchuuzi stendi ilikuwa ya gigabaiti 8 iliyofundishwa kusema uongo. Ilipokea kila nilichoweka, ikaonyesha majina yote, na nilipofungua mafaili baada ya miezi mitatu mengi yalikuwa matupu. Kila chombo kipya sasa nakijaza mpaka pomoni, kisha nasoma kila kitu upya na kulinganisha namba za uhakiki kabla ya kukiamini. Nakala ni tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje iliyofungiwa na vifuko vya kufyonza unyevu, na moja kwa dada yangu Muscat. Kila Ramadhani yeye huiwasha diski na kunisomea namba kwa simu, na huwa tunacheka, maana mumewe anaamini tunacheza bahati nasibu.

Kila kaseti ina faili la maandishi la kwake. Humo naandika kilichoandikwa juu ya ganda kama kilivyo, pamoja na makosa ya baba ya herufi, deki iliyotumika, tarehe, na maelezo ya mama, ambaye nilimkalisha na kumrekodi akisikiliza. Fanyeni hilo mapema, kabla ya kununua kifaa chochote. Deki inaweza kusubiri. Mtu wa miaka 79 anayekumbuka ni nani aliyekuwa akipiga fidla hawezi.

Tulipofika kwenye ile TDK nilitaka kuiruka. Mama akaniwahi: "Hiyo si ndiyo mliyomfutia baba yenu?" Nikaiweka. Muziki wa gemu ukapiga, katikati yake inasikika sauti ya mama mwenyewe akituita tukachote maji, na kaka akimjibu "Tunakuja!" bila kusogea. Upande wa pili, dakika ya 38, gemu linakatika kwa kishindo cha kitufe, na ile harusi ya Chumbageni inaendelea kutoka pale tulipoiachia: fidla, vigelegele, mwanamke anayemaliza ubeti. Dakika 6 na sekunde 50 hivi. Mama alimtaja yule mwanamke kwa jina, na jina la bwana harusi, akaniambia nirudishe nyuma.

Bado naitafuta mashine. Nimenunua mbili mpaka sasa, moja Korogwe na nyingine Moshi, na zote zinapiga uwazi pale yetu ilipopiga pua. Ya tatu imepatikana Pangani wiki iliyopita, haina adapta. Muuzaji anasema nichomeke yoyote tu inayoingia. Nimemwomba asijaribu, kwa sababu adapta za mashine hizi nyingi zina hasi katikati na chanya nje, kinyume cha nyingi tulizo nazo majumbani, na kosa la sekunde moja linatosha kuichoma chipu. Jumamosi naenda na yule fundi redio, yeye na kipimo chake.